Jahazi la Babu: Kisa cha Nembo Moja ya Kilwa na Makaratasi Yake

Aliingia na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa na jina, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu juu na za Kilatini chini. Ya pili ilikuwa na ngao aliyoichora kwa penseli za rangi za watoto wa shule: jahazi jeusi juu ya bahari ya samawati. "Shikamoo dada," akasema, na kabla sijamaliza kuitikia akaniuliza kama vyote viwili vinaweza kusajiliwa kabla ya mwisho wa mwezi. Nikamwambia, "Marahaba mdogo wangu, kaa kwanza." Tulikaa wiki saba.

Nasimulia kisa hiki kwa kirefu kwa sababu wenzetu wachache wa Pwani tunaoingia kwenye vikundi hivi vya kuigiza maisha ya kale huku Ulaya tunakwama palepale alipokwama yeye, na mara nyingi tunaishia kuchukua jina la Kijerumani au la Kiingereza kwa kudhani la kwetu halina ushahidi. Ushahidi upo. Kazi ni kuupanga.

Niseme kidogo kuhusu chama chenyewe. Society for Creative Anachronism ilianzia Berkeley, California, tarehe 1 Mei 1966, na tangu hapo wanachama wake huigiza maisha ya kabla ya karne ya 17: mavazi, mapishi, mapigano ya panga, kaligrafia, ngoma. Dunia yao imegawanywa katika falme. Sisi tulioko Ujerumani tuko chini ya ufalme uitwao Drachenwald, yaani msitu wa joka, ambao eneo lake ni Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati, kwa hiyo hata angebaki Kilwa na kuanzisha kikundi huko angekuwa chini ya ufalme huohuo. Kila mwanachama anaweza kusajili jina la zama zile na nembo ya ngao, na vikishasajiliwa hakuna mwingine atakayeruhusiwa kusajili kinachofanana navyo mno. Mimi ni afisa wa nembo wa kikundi chetu kidogo. Karatasi hupitia kwangu, kisha kwa maafisa wa ufalme, kisha kwenye meza kuu ambako jina huamuliwa na afisa mmoja na nembo na mwingine.

Watanzania tunaijua Bibi na Bwana, nembo yetu ya taifa, tangu darasa la kwanza, na Kenya ina hata ofisi ya kusajili nembo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1968. Wazo la ngao yenye mwenyewe si geni kwetu, ila huku kwenye chama kila mtu anaweza kuwa na ya kwake.

Tuanze na jina, maana ndilo lililotutoa jasho.

Jina lake halisi silitaji. Itoshe kusema kwamba jina lake na la baba yake, ukiyaweka pamoja na kuyarudisha kwenye Kiarabu, yanatoa al-Hasan ibn Sulaiman. Kwa aliyezaliwa Kilwa hilo si jambo la kushangaza, ni majina yaliyojaa kila mtaa. Lakini ndilo jina la sultani mashuhuri kuliko wote wa Kilwa, aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, ambaye jumba la Husuni Kubwa linahusishwa naye. Sarafu zake za shaba zimeokotwa pwani, na moja ilipatikana hadi Great Zimbabwe. Ukizisoma utaona upande mmoja una jina lake na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mola, na pande hizo mbili zina kina kimoja, kama mishororo ya shairi. Mwenzetu alikuwa na picha ya sarafu hiyo kwenye simu. Aliikuza mpaka herufi zikaanza kupasuka, akanionyesha kwa ncha ya kucha: "Hapa, dada. Hili ni jina langu."

Hapo ndipo penye mgogoro, na ni migogoro miwili kwa mpigo. Kanuni za chama hazimruhusu mtu kusajili jina lile lile analolitumia katika maisha ya kawaida nje ya chama. Na kanuni nyingine hairuhusu mtu kujifanya ni mtu fulani mashuhuri wa historia. Kwenye kanuni hii ya pili kulikuwa na nafasi ya kubishana, kwa sababu watawala wa miji-dola midogo hawalindwi wote sawasawa na wafalme wa dola kubwa. Mwenzetu aliposikia hivyo akataka tubishane. Nilikataa. Kushinda hoja hiyo kungetulazimu kuandika, kwa mkono wetu wenyewe, kwamba sultani wa Kilwa hakuwa mtu mkubwa kiasi cha kulindwa. Nilimwambia wazi kwamba karatasi hiyo sitaiandika. Alinyamaza, kisha akacheka na kusema hata yeye asingeiweka sahihi.

Alitaka pia kuweka Mwinyi mbele ya jina. Nilimshauri aache. Chama hakisajili jina linalodai cheo, na Mwinyi, hata kama leo ni jina la ukoo la watu wengi, kwa mtu anayejua maana yake lina harufu ya umiliki na utawala.

Basi tukarudi kwenye desturi ya Kiarabu yenyewe. Si lazima neno "ibn" lifuatwe na jina la baba mzazi. Watu wengi walijulikana kwa babu au kwa mzee wa mbali zaidi: Ibn Sina hakuwa mtoto wa Sina, wala Ibn Khaldun hakuwa mtoto wa Khaldun. Tukaruka kizazi kimoja. Babu yake aliitwa Issa, naye ndiye aliyekuwa nahodha. Ndiye aliyepakia boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji, na jahazi lililochorwa kwenye karatasi ya pili lilikuwa lake. Tangu pale jina na nembo vikaanza kuzungumza lugha moja, jambo ambalo mwanzo halikuwepo.

Aliona uzito mmoja tu: angemwelezaje mzee wake kwamba ametolewa? Alimpigia simu Kilwa Masoko palepale sebuleni kwangu, akaweka sauti ya nje. Mzee alisikiliza maelezo yote marefu ya kanuni, kisha akauliza kama Issa ataandikwa kwa s moja au mbili.

Swali lile lilikuwa la maana kuliko alivyojua. Majina yaliyotoka kwenye hati isiyo ya Kilatini yanatakiwa yaandikwe kwa mfumo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Huwezi kuandika Hassan kwa s mbili kama ilivyo kwenye pasipoti, halafu Sulaiman kwa mtindo wa vitabu vya chuo kikuu. Sisi tumezoea Hasani, Selemani, Issa, na masikio yetu yanaona ndiyo sahihi. Kwenye karatasi ikawa al-Hasan ibn 'Isa, pamoja na alama ya herufi ya Kiarabu ayn. Mzee alikubali kwa sharti kwamba nyumbani aendelee kuwa wa s mbili.

Likabaki jina la mahali. Mwenzetu alitaka al-Kilwi, mtu wa Kilwa, na mtindo huo wa kumtaja mtu kwa mji wake ni wa kawaida kabisa katika Kiarabu. Lakini Kilwa iliandikwaje kabla ya 1600? Ibn Battuta ana Kulwa. Habari za kale za Kilwa kwa Kiarabu nazo zinaitwa kwa kichwa chenye kina, Sulwa na Kulwa. Wareno waliandika Quiloa. Nilipomwonyesha kwamba huenda akawa al-Kulwi alishtuka: "Dada, watu wa nyumbani watauliza Doto yuko wapi." Na kweli, kwa Mtanzania Kulwa ni pacha wa Doto, hakuna njia ya kulisikia vinginevyo. Tukakubaliana tuombe al-Kilwi, tueleze kwa maandishi kwamba tunajua maandishi ya zama zile yalivyo, na tuwaachie waamuzi.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoharibu. Ushahidi wa jina hupimwa kwa tarehe ya maandishi lilimoonekana. Zama za mtu anayesimuliwa ni jambo jingine. Zile habari za Kilwa kwa Kiarabu zinasimulia wafalme wa karne nyingi zilizopita, lakini nakala tuliyonayo ilinakiliwa mwaka 1877. Ukiileta kama ushahidi wa tahajia ya karne ya 12, mchambuzi yeyote makini atakurudisha, na atakuwa na haki. João de Barros, kwa upande wake, alichapisha muhtasari wa habari hizohizo kwa Kireno mwaka 1552. Hiyo ni tarehe iliyochapwa, iko ndani ya muda, haina ubishi, ingawa majina yamepinda kwa masikio ya Kireno. Sarafu nazo zilitengenezwa wakati wenyewe, lakini hazina mwaka. Kila kimoja kina nguvu yake na upungufu wake, na barua ya maelezo inatakiwa iseme hivyo bila kuficha. Tuliweka vyote vitatu pamoja na ukurasa wa Ibn Battuta, na chini ya kila kimoja sentensi moja: kinathibitisha nini, na hakithibitishi nini.

Sasa nembo.

Nilimweleza kwa kanga, na nadhani sitatumia njia nyingine tena. Kanga ina mji, ina pindo, ina jina. Ngao nayo ina uwanja, ambao ndio mji. Inaweza kuwa na pindo kuizunguka. Na yale maneno ya hekima yanayoandikwa chini ya nembo ndiyo jina, isipokuwa chama hiki hakisajili maneno. Wanasajili kitambaa tu.

Jahazi jeusi juu ya samawati lilianguka mara moja. Katika elimu ya nembo rangi zimegawanyika mafungu mawili. Dhahabu na fedha, ambazo kwa rangi huchorwa njano na nyeupe, huitwa metali. Samawati, nyekundu, nyeusi, kijani na zambarau ndizo rangi zenyewe. Metali hukaa juu ya rangi na rangi juu ya metali, ili ngao isomeke kwa mbali vumbi likiwa limetimka. Mwenzetu alijitetea kwamba chombo cha babu kilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, kila msimu mpaka kikawa cheusi tititi. Nikamwomba abandike mchoro wake ukutani, aende mwisho wa ukumbi. Alirudi akasema, "Lifanye la dhahabu."

Jahazi la dhahabu juu ya samawati ni zuri mno, na hilo ndilo tatizo lake. Nilipotafuta kwenye daftari la nembo zilizosajiliwa, lililo wazi kwenye intaneti, niliona tayari kuna mtu mwenye jahazi hilohilo, na wengine wenye majahazi ya rangi tofauti juu ya uwanja huohuo wa samawati. Umbo la chombo halisaidii. Tanga la mraba la mkeka, kama la mtepe, chombo cha kale cha mbao zilizoshonwa, au tanga la pembe tatu, kwao vyote ni jahazi. Kanuni inadai ama badiliko moja kubwa katika alama kuu, ama mabadiliko mawili madogo yanayohesabika.

"Basi niongeze pindo," akasema. Nikamsimulia habari za Scrope na Grosvenor.

Mwaka 1385 mfalme Richard II wa Uingereza alikwenda vitani Scotland, na katika jeshi lake wakakutana wapiganaji wawili, Richard Scrope na Robert Grosvenor, wote wamevaa ngao ya samawati yenye mshazari wa dhahabu. Walishtakiana. Mashahidi waliitwa kwa mamia, na mmoja wao, mwaka 1386, alikuwa mshairi Geoffrey Chaucer. Alieleza kwamba siku moja akipita mtaa wa Friday Street, London, aliona ngao ile imetundikwa nje ya nyumba ya wageni, akauliza kama Scrope amefikia hapo, akajibiwa kwamba hiyo ni ya Grosvenor, jina ambalo hakuwahi kulisikia. Hukumu ilimpa Scrope nembo, na Grosvenor akaambiwa abaki na ileile lakini aizungushie pindo la fedha. Kesi ilipofika kwa mfalme, mwaka 1390, akasema pindo halitoshi: hiyo ni tofauti ya ndugu wa damu, si ya mgeni. Grosvenor akachukua mganda wa ngano wa dhahabu juu ya samawati, na uzao wake unaubeba mpaka leo.

Chama hakikufuata hukumu ile neno kwa neno, lakini hesabu inaishia palepale: pindo ni badiliko moja. Linahitajika la pili.

Tulipima njia kadhaa. Majahazi matatu badala ya moja yangetosha peke yake. Alikataa, babu alikuwa na chombo kimoja. Kubadili bahari iwe nyekundu hakutaka hata kusikia. Kubadili jahazi liwe jeupe kungemwondoa kwa mmoja na kumsogeza kwa mwingine. Ipo pia njia ya kumwandikia mwenye nembo ya kwanza na kumwomba ruhusa ya maandishi, na watu wengi huitoa kwa moyo mweupe, lakini mwenzetu hakutaka nembo ya babu ianze kwa kuomba.

Jibu lilitoka kwa mama yake, ambaye ni Mpemba. Mwenzetu alitaka tangu mwanzo kuweka karafuu mahali fulani kwa heshima ya mama, nami nilikuwa nimeikataa kwa haraka. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, na mashamba ya Unguja na Pemba ni ya karne ya 19. Al-Hasan wetu wa karne ya 14 asingeona mkarafuu Pemba. Lakini nilichanganya mambo mawili. Nembo haidaiwi ilingane na mahali anapodai kutoka mwenye jina. Inadaiwa tu alama zake ziwe zilitumika au zingeweza kutumika katika nembo za zama zile. Na karafuu zilitumika: chama cha wauza viungo cha London kina karafuu tisa kwenye ngao yake tangu karne ya 16. Kosa lilikuwa langu, na nilimwomba radhi.

Kwa hiyo: uwanja wa samawati, jahazi la dhahabu, juu yake karafuu tatu nyeupe zimepangwa kwa mstari, na pindo la dhahabu. Karafuu ni kundi moja lililoongezwa, pindo ni kundi la pili. Mabadiliko mawili dhidi ya kila mwenye jahazi tupu juu ya samawati, liwe la rangi yoyote. Waliokuwa na jahazi na pindo tuliwahesabu mmoja mmoja, jioni nzima. Kipimo cha msongamano nacho hakikutusumbua: unajumlisha idadi ya rangi na idadi ya aina za alama, na jumla isizidi nane. Sisi tulikuwa na sita.

Kuhusu mtepe, nilimshauri maelezo ya maneno yaseme jahazi tu. Maelezo yakisajiliwa, mchoraji ana uhuru ndani yake. Kwenye bendera yake anaweza kuchora mbao zilizoshonwa kwa kamba za kumbi bila msumari hata mmoja, na tanga la mkeka, kama Wareno walivyovieleza vyombo vya pwani yetu walipofika mwishoni mwa karne ya 15. Mfano anao hata nyumbani: kwenye lipu ya kuta za magofu ya Kilwa kuna vyombo vilivyochorwa kwa ncha kali na watu waliokuwa wakivitazama.

Fomu yenyewe iliharibika mara mbili. Mara ya kwanza samawati iliyotoka kwenye printa ya ofisini kwake ilielekea zambarau, na afisa anayeangalia kwenye skrini nchi nyingine anaamua kwa anachokiona. Mara ya pili alipaka kwa kalamu za wino mzito, akaanza na samawati, halafu njano ikaivuta na ukingo wa jahazi ukawa kijani. Mara ya tatu tulianza na njano, tukaiacha ikauke tunywe chai, ndipo tukazungushia samawati kwa mkono wa polepole. Alishusha pumzi kila alipozunguka ncha ya mlingoti.

Mwisho wa fomu ya jina kuna visanduku vya kuweka alama. Kama jina haliwezi kupita lilivyo, unakubali mabadiliko madogo? Makubwa? Unajali zaidi nini: sauti, maana, tahajia, au lugha na utamaduni? Nikamkumbusha kwamba akikubali mabadiliko madogo anaweza kurudishiwa al-Kulwi, na kwamba jina likikataliwa kabisa, nembo bado inaweza kusajiliwa chini ya jina la muda. Aliishika kalamu muda mrefu. Akaweka alama kwenye mabadiliko madogo, akakataa makubwa, na kwenye swali la mwisho akachagua lugha na utamaduni. Kisha akageuza karatasi, akaandika nyuma kwa penseli, kwa ajili ya mzee wake, Issa wa s mbili, akaifuta kabla sijaipitisha kwenye skana.

Bahasha ilikwenda Jumatatu. Majibu huchukua miezi.